Mzabibu wangu Kisauni waungua jua, wa Ulaya wanafanyaje?

Bint_Kisauni: Assalam aleikum wanajukwaa. Nina mzabibu uani, umetambaa juu ya kichanja cha mabomba. Maua yatoka vizuri, lakini vishada vya magharibi vyapigwa na jua la alasiri vyasinyaa, na vya ndani vyafanya ukungu mweupe. Kijana anishikiaye bustani ataka kupukuta majani yote. Nasikia wakulima wa mvinyo Ulaya nao joto limewabana na wana mbinu zao. Mie nataka zabibu za kula tu. Lipi la kuigwa hapa?

Baharia_Mstaafu: Wenzio wanahama dada. Torres, watengeneza mvinyo wa Uhispania, wamekimbia joto wakapanda mizabibu milima ya Pirenei, karibu mita 950 juu ya bahari. Wewe wahamia milima ya Taita? 😂

Mkulima_Hombolo: Dada, mzuie huyo kijana. Zamani Ulaya walipukuta majani ili jua lifikie zabibu. Sasa wengi wanayaacha upande wa alasiri, wanatoa upande wa asubuhi tu. Fanya hivyo hivyo, na magharibi tundika neti ya kivuli. Huo mweupe ni ubwiri unga, unapenda kivuli chenye unyevu. Ukipulizia salfa iwe jioni, juani inababua majani.

Kubwa ni lini unapogoa. Kwao mzabibu unalala wakati wa baridi, na joto limeshawavurugia kalenda: Beaune, Ufaransa, tangu 1988 mavuno yanakuja karibu wiki mbili mapema. Kwetu haulali, unapoukata ndipo unapoanza upya, ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili. Kwa Mombasa ningekata katikati ya Novemba, ziive Machi kabla ya mvua kubwa.

Mzee_Miche: Na aina je? Bordeaux, Ufaransa, wakulima wa mvinyo ving'ang'anizi wa mila wale, 2021 waliruhusu aina sita mpya kwa ajili ya joto, ikiwemo Touriga Nacional ya Ureno, ila zisizidi asilimia 5 ya shamba. Aina isiyopatana na joto la Pwani, neti haitaiokoa. Halafu maji ni ya wapi? Tazama kingo za majani.

Bint_Kisauni: Nimetoka kutazama, zimekauka kahawia pande zote, hata kivulini. Maji ni ya kisima, hayo hata chai hayapikiki.

Mzee_Miche: Basi hiyo ni chumvi. Kinga maji ya mvua za vuli kwenye tangi, unyweshe hayo. Na mche ujao utafute uliobebeshwa kwenye shina livumilialo chumvi, kama Paulsen 1103.

Bint_Kisauni: Shukran sana. Tangi lipo, gata ndizo zimetoboka. Naita fundi.