Lisbon: mtu wa mwambao aanzie wapi?

BintiTanga
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwezi ujao nitakuwa Lisbon kikazi, na nitapata nafasi ndogo ya kutembea mjini. Wengi husifu ngome ya São Jorge, vichochoro vya Alfama na tramu ya manjano namba 28, na sina shaka kwamba vyote vinapendeza. Hata hivyo, sisi tuliosomeshwa tangu utotoni kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498 tuna hamu ya kuona mji alikotoka umehifadhi nini kinachotuhusu. Aliyewahi kufika naomba anielekeze.

BahariaMtwara
Wa aleikum salaam, dada. Kabla ya mahali pengine popote, nenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, katika mtaa wa Janelas Verdes. Humo mna monstransi, chombo ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili iabudiwe, iliyokamilishwa mwaka 1506 kwa agizo la Mfalme Manuel wa Kwanza. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa mwaka 1502, akatishia kuubomoa mji kwa mizinga mpaka Amir Ibrahim akakubali kulipa kodi, na dhahabu hiyo ndiyo aliyomrudia nayo mfalme wake. Ukiisogelea utaona mitume 12 waliopiga magoti, wadogo mno, lakini kila mmoja ana sura yake na vazi lake la rangi. Ufundi wake ni wa hali ya juu, wala sioni sababu ya kuunyima sifa. Lakini aliyewahi kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani, msikiti wake mkuu na Husuni Kubwa, hawezi kukitazama chombo hicho kama mtalii mwingine. Mimi kilinitia uchungu ambao hata kaburi la Vasco da Gama halikunitia.

MwalimuMvita
Ninakubaliana na Baharia, ila dada usiache kwenda Belém, kitongoji cha Lisbon. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwaka 1501, na sehemu ya gharama zake ilitokana na ushuru wa viungo vilivyoletwa kwa njia ya bahari hii yetu. Kaburi alilolitaja mwenzangu liko mkono wa kushoto mara tu uingiapo kanisani. Jengo hilo lilinusurika tetemeko la mwaka 1755, ambalo liliangusha sehemu kubwa ya mji. Ndiyo sababu mitaa ya Baixa, iliyojengwa upya, imenyooka, ilhali Alfama ina vichochoro vilivyosongamana kama vya Mji wa Kale wa Mombasa.

Ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa mto Tejo, uko mnara wa mwaka 1960 unaowatukuza mabaharia kuwa wavumbuzi. Hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa, kwa kuwa Malindi, Mombasa na Kilwa zilikuwa zikifanya biashara na Bara Hindi na Uarabuni kwa karne nyingi kabla ya merikebu zao kuonekana.

Usipange ziara hizo siku ya Jumatatu, kwani makumbusho na monasteri hufungwa. Vaa viatu visivyoteleza, maana mawe ya njiani huwa hatari yakilowa, na ukipanda tramu namba 28 ushike mkoba wako mbele, kwa sababu vibaka ni wengi.