Reidi ya diski nne imegoma kumaunti kwenye kompyuta nyingine, ndani mna video za arusi za watu

picha_za_tanga

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, kwa sababu tangu asubuhi nimeshapewa ushauri wa harakaharaka mara mbili na yote mawili nimeogopa kuyafuata.

Mimi napiga picha na video za arusi hapa Tanga. Kazi zangu za tangu 2019 zimo kwenye kompyuta moja ya ofisini, Ubuntu, yenye diski nne za TB 4 nilizozifunga pamoja kwa mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski) ziwe reidi, RAID 5, yaani zinafanya kazi kama diski moja na moja ikifa data inabaki. Juzi usiku nilikuwa namimina video kutoka kwenye kadi ya kamera, umeme ukakatika. Ukarudi, ukakatika, ukarudi tena kwa nguvu, nikasikia mlio mfupi kama wa kiberiti, kisha harufu ya plastiki inayoungua. Nilichomoa waya ukutani papo hapo. Pawasaplai imekufa na mazabodi (bodi kuu) nayo, fundi ameijaribu kwa pawasaplai nyingine hata feni haizunguki.

Leo nimeazima kompyuta ya mdogo wangu. Ina Ubuntu kwenye kile kidiski kidogo cha M.2, na mazabodi yake ina poti nne za SATA, za kuchomekea diski. Nikachomeka diski zangu zote nne, nikawasha. Nikijaribu kumaunti, yaani kuzifungua nisome mafaili, nakutana na hili:

`mount: /mnt/kazi: unknown filesystem type 'linux_raid_member'`

Na nikisoma /proc/mdstat, panapoonesha hali ya reidi:

`md127 : inactive sdb1[0](S) sdc1[1](S) sdd1[2](S)`
`11720656896 blocks super 1.2`

Kule kwangu reidi iliitwa md0, sijui hii md127 imetoka wapi. Rafiki mmoja kaniambia nitumie `mdadm --create` niiunde upya, eti data itabaki. Mwingine kaniambia nizichomeke kwenye Windows, ikiuliza kama iziandae nikubali. Sijafanya lolote kati ya hayo.

Niwaambie kwa nini natetemeka. Mwezi uliopita nilirekodi nikaha ya binti mmoja, baba yake akasimama akamuusia mwanawe mbele ya watu. Mzee yule amefariki wiki mbili baadaye. Familia bado haijachukua video yake, na kadi ya kamera nilishaifuta. Hakuna nakala nyingine popote ila kwenye diski hizi.

seva_mombasa

Dada, pole sana kwa msukosuko. Umefanya vyema mno kutogusa kitu. Hizo rai mbili zitupilie mbali.

`--create` si dawa ya kufufua. Inaandika kichwa kipya juu ya kila diski, na ukikosea mpangilio wa diski, au ukubwa wa vipande, au ikiwa toleo la mdadm la kompyuta hii linaanza data mahali tofauti na lile la zamani, unapata reidi inayowaka vizuri lakini ndani ni uchafu mtupu. Tena kwa RAID 5 inaanza hapohapo kuijenga diski ya mwisho, maana yake inaandika juu ya data yako wewe ukitazama. Nayo Windows haijui hizi diski ni za nini, na ukikubali itaandika vitu vyake juu ya vyako.

md127 isikutishe. Reidi hubeba jina la kompyuta ilikozaliwa. Ikijikuta kwa mwenyeji mwingine, mdadm huipa namba kuanzia 127 kurudi nyuma ili isigongane na za nyumbani. Na ile `linux_raid_member` inasema tu kwamba umejaribu kumaunti diski moja moja. Kinachomauntiwa ni reidi yenyewe ikishasimama.

Sasa nitazamie hesabu. Umesema diski nne, mdstat inataja tatu. Ya nne iko wapi? Niletee haya, yanasoma tu, hayaandiki kitu:

`sudo mdadm --examine /dev/sd[bcd]1`
`sudo dmesg | grep md`

picha_za_tanga

Ahsante kaka. Kweli, ziko tatu! Nilikuwa nimeangalia waya, sikuhesabu majina.

Examine ni ndefu, nimetoa niliyoona yanafanana. Zote tatu zina Events (hesabu ya mabadiliko ya reidi) 48213, zote State ni active, zote Array State ni AAAA. dmesg (ujumbe wa kerneli, kiini cha Linux) ina mstari huu:

`md/raid:md127: cannot start dirty degraded array.`

Hiyo "dirty" ndiyo imenikosesha usingizi. Diski zimeharibika?

Kuhusu ya nne: diski zangu nimeziandika namba kwa kalamu ya wino mzito siku niliyozinunua. Inayokosekana ni namba 4. Nikiweka kidole juu yake naisikia inazunguka, haigongi wala hailii, lakini kompyuta haiioni. Nimebadilisha kebo ya data, bado. Nikaichomeka kwenye kasha la USB la mdogo wangu, ikaonekana kama sde, ila haina sde1. fdisk, programu ya kusoma mgawanyo wa diski, inasema haina partisheni inayoeleweka. Hapo ndipo nililia, sitawaficha.

seva_mombasa

Futa machozi dada, habari ni nzuri kuliko unavyodhani.

AAAA maana yake mara ya mwisho diski hizi zilipoandika habari zao, zote nne zilikuwa hai. Kama namba 4 ingekuwa imekufa kabla, ungeona nukta mahali pa A moja. Events sawasawa kwenye tatu maana yake hakuna iliyoachwa nyuma. Na "dirty" si ubovu wa diski: umeme ulikatika katikati ya kuandika, kwa hiyo kuna mahali ambapo data na hesabu yake ya ulinzi, ile inayorudisha diski ikifa, huenda havijalingana. Diski zikiwa nne, reidi huwaka na kujilinganisha. Zikiwa tatu, inalazimika kukokotoa ya nne kutoka kwenye hesabu isiyoaminika, ndiyo maana kerneli imekataa. Imekukinga. Kuna njia ya kuilazimisha, lakini usiende huko wakati diski ya nne inazunguka mkononi mwako.

Tuitafute hiyo ya nne.

mzee_wa_kebo

Nadakia hapa kwa ruhusa yenu. Nimekaa na makasha ya USB miaka mingi hapa Mwanza.

Binti yangu, fanya `sudo fdisk -l /dev/sde` utazame mstari wa ukubwa wa sekta, vile vipande vidogo vya diski. Ukiona 4096 mbele na nyuma, basi kasha linakudanganya. Makasha kadhaa, hasa ya zamani, yalitengenezwa yaioneshe kompyuta sekta za baiti 4096 ili Windows za enzi zile ziweze kutumia diski zinazozidi TB 2. Wewe uliigawa diski ikiwa kwenye SATA, kwa sekta za 512, na kichwa cha jedwali lako kimekaa kwenye sekta ya pili, yaani baiti ya 512. Kompyuta kupitia kasha inakwenda kukitafuta kwenye baiti ya 4096. Haikikuti, inasema hakuna. Kipo. Usiigawe upya, itoe tu humo.

Pili, fungua kitabu cha hiyo mazabodi, kurasa za M.2. Kwenye bodi nyingi ukiweka M.2 ya aina ya SATA, poti moja ya SATA inazimwa kimyakimya. Diski ikichomekwa hapo inazunguka kwa sababu inapata umeme, lakini haina njia ya kuongea.

picha_za_tanga

Mzee wangu, shikamoo. Umeona kama uliyekuwa umesimama nyuma yangu. fdisk inasema 4096 / 4096. Na kitabu nimekipata mtandaoni, kuna jedwali dogo: M.2 ikiwa ya SATA, poti ya 4 haifanyi kazi. Diski namba 4 ndiyo niliyoichomeka poti ya 4, kwa kufuata namba zangu mwenyewe.

Nimeng'oa M.2. Sasa nitawashaje bila Ubuntu?

seva_mombasa

Washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kusakinisha. Humo mdadm kwa kawaida haimo, utaiongeza. Kisha hivi, polepole, uangalie majina ya diski kwa `lsblk` kwanza kwa sababu yanaweza kuhama:

`sudo apt install mdadm`
`sudo mdadm --stop /dev/md127`
`sudo mdadm --assemble --readonly /dev/md127 /dev/sd[abcd]1`

Hilo neno `--readonly` usilisahau. Linaizuia isianze kulinganisha wala kuandika mpaka utakapotoa nakala. Mstari wa stop ukisema hakuna cha kusimamisha, endelea tu.

picha_za_tanga

Imewaka!

`md127 : active (read-only) raid5 sda1[0] sdb1[1] sdc1[2] sdd1[4]`
`[4/4] [UUUU]`
`resync=PENDING`

Ila kumaunti bado, sasa inasema `unknown filesystem type 'LVM2_member'`. Na kwa nini diski ya mwisho ni [4] badala ya [3]?

seva_mombasa

[4] ni kawaida ya RAID 5: siku ya kuundwa, diski ya mwisho huingizwa kama ya akiba kisha hujengwa, basi hubaki na namba hiyo. Iko sawa.

Huo ujumbe wa pili ni kwamba siku ile ulipanga LVM (tabaka la kugawa nafasi ya diski) juu ya reidi, huenda umesahau. Amsha kwa `sudo vgchange -ay`, tazama jina kwa `sudo lvs`, halafu:

`sudo mount -o ro,noload /dev/JINA/JINA /mnt`

Bila `noload` ext4 (mfumo wa mafaili) itataka kumalizia maandishi yaliyokatizwa na umeme, na kwa kuwa tumefunga mlango wa kuandika, itakataa.

picha_za_tanga

Nimeandika nikiwa bado nimesimama.

Kundi la LVM linaitwa studio, nililipa jina mwenyewe na nikalisahau. Folda zote zipo, kuanzia arusi ya kwanza kabisa ya 2019. Zile nilizokuwa namimina umeme ulipokatika, mbili za mwisho zina baiti 0, lakini hizo bado ninazo kwenye kadi.

Nimefungua ya mzee. Nimeitazama yote, dakika sita na sekunde kadhaa. Anamshika binti mkono wa kulia, anasema polepole, kuna mahali anasita anafuta miwani na ncha ya kanzu. Sauti safi, hakuna ilipokatika. Ndiyo faili la kwanza kunakili, nimeliweka kwenye diski ya nje na kwenye simu yangu, na nimempigia binti aje kesho na flashi yake.

Zingine zinaendelea kunakiliwa kwa rsync (programu ya kunakili), iko kwenye arusi za 2021.

Mzee wa kebo, nimepitisha `smartctl`, ya kupima afya ya diski, kama ulivyoniandikia pembeni. Tatu ni safi, namba 3 ina Current_Pending_Sector 8, yaani sekta nane zinazosumbua kusomeka. Nisubiri nakala iishe ndipo niibadilishe?

mzee_wa_kebo

Marahaba binti yangu. Ndiyo, nakala kwanza, mpaka faili la mwisho. Usiiruhusu ilinganishe kabla ya hapo, maana kulinganisha husoma diski zote, na hiyo namba 3 isichoshwe bure. Ikiisha, fungua kuandika kwa `mdadm --readwrite /dev/md127`, iache ijilinganishe, ndipo uitoe namba 3 uweke mpya. Ikigoma kusoma popote njiani, simama, utuandikie hapahapa.