Nataka kufungua blogu, mada ninazo tatu. Lengo linapangwaje?

Mgumu_wa_Majengo (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nataka kufungua blogu ya Kiswahili kabla mwezi haujaisha. Mada ninazozijua ni tatu: kupanda Mlima Kilimanjaro (ndiyo kazi yangu, nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, sasa ni msaidizi wa gaidi, ndivyo tunavyomwita kiongozi wa wapandaji), kahawa na migomba ya kihambani (shamba la nyumbani), na habari za mji wetu. Bajeti ni laki mbili kwa mwaka, muda ni kama saa sita kwa wiki nikiwa sijapanda.

Kila ninayemuuliza ananijibu "kwanza jua lengo lako". Lengo langu ni kuelimisha watu na kupata kipato kidogo. Hilo halitoshi? Na je, nichanganye zote tatu au nichague moja? Naomba majibu ya vitendo, ya "fuata moyo wako" nimeshapewa mengi.

---

FundiKurasa (Arusha)

Halitoshi mkuu. "Kuelimisha watu" hakukukatazi kuandika kitu chochote. Leo utaweka bei ya ndizi, kesho msiba wa mtu maarufu, keshokutwa njia ya Machame, na vyote utaviona vimo ndani ya lengo. Lengo linalofaa ni lile linalokunyima nusu ya mawazo uliyonayo.

Andika sentensi moja yenye mambo matatu: msomaji ni nani, amekwama wapi, na akimaliza kusoma ataweza kufanya nini ambacho asubuhi hakukiweza. Usiandike "Watanzania" wala "vijana". Chukua mada yako ya mlima peke yake uone inavyogawanyika:

Yupo mgeni wa nje anayechagua kati ya njia za Marangu, Machame, Lemosho na Rongai. Huyo anatafuta kwa lugha ya kwao, na kwa Kiingereza atakuta mamia ya kampuni zimeshamwandikia. Blogu yako ya Kiswahili haimfikii hata ukiandika vizuri namna gani.

Yupo Mtanzania anayetaka kupanda mara moja maishani, wengi wao wakilenga 9 Desemba. Anauliza ada ya mwananchi, nguo za kukodi, mazoezi ya miezi miwili kabla. Ni msomaji mzuri, ila ni wa msimu. Ikifika Januari kurasa zake zinalala hadi katikati ya mwaka.

Na yupo mgumu anayekwenda kupanda kwa mara ya kwanza. Anataka kujua avae nini usiku wa kambi ya Kibo, mzigo unapimwaje getini na kikomo cha kilo 20 kinamlinda vipi, kichwa kikimuuma kambini Horombo ni uchovu au ni ugonjwa wa mwinuko, na nani wa kumwambia. Huyo anasoma Kiswahili, yupo mwaka mzima, na sijui kama kuna anayemwandikia kwa mpangilio.

Wote watatu ni "kupanda Kilimanjaro", lakini ukurasa wa mmoja haumsaidii mwenzake. Sasa fanya jaribio: chagua msomaji mmoja, weka simu mbali, andika vichwa 20 vya makala kwa ajili yake tu. Kwa kawaida mtu anakwenda vizuri hadi cha saba au cha nane, halafu anaanza kuteleza. Ghafla kinatokea "Njia saba za kupanda Kilimanjaro", na hicho ni cha mtalii, si cha mgumu. Kila kichwa kilichobadilisha msomaji kikate. Vikibaki chini ya 12, msomaji huyo hakutoshi kwa mwaka mmoja, jaribu mwingine.

---

Kihamba_Kibosho

Naongezea upande wa shamba kwa sababu ndiko watu wanakoharibikiwa wakiwa na nia njema kabisa.

Kabla ya kuchagua mada, angalia makala zake zinaishi muda gani. "Bei ya kahawa mnadani wiki hii" inasomwa sana siku mbili, kisha imekufa. Ukishawazoesha watu bei, wanakuja kila wiki kutafuta bei, kwa hiyo umejiajiri kuandika mara 52 kwa mwaka. Na wewe ukiwa mlimani siku sita au saba bila mtandao wa uhakika, nani ataiweka? Kinyume chake, "Jinsi ya kutofautisha chulebuni na kutu ya majani" ukiiandika mara moja kwa picha safi inadumu miaka. Chulebuni inashambulia punje changa, inaacha madoa meusi yaliyodidimia. Kutu inakaa chini ya jani, unga wa rangi ya chungwa, ukipangusa kwa kidole unatoka. Ni magonjwa mawili tofauti, na mkulima akikosea anapoteza msimu na hela ya dawa.

Kwa hiyo ratiba yako inachagua lengo pamoja na wewe. Saa sita kwa wiki, wiki nyingine sifuri: beba lengo la makala zinazodumu. Makala moja ya namna hiyo, yenye picha zako mwenyewe na mambo yaliyohakikiwa, inakula saa nne hadi sita. Usipange zaidi ya mbili kwa mwezi.

Kuchanganya zote tatu, hapana. Mkulima wa Kibosho aliyekuja kusoma kuhusu kupogoa mibuni akikuta juu kuna mabuti ya mlimani, juu yake tena ajali ya bodaboda, hajui arudi kufuata nini. Google nayo inapata tabu kujua ikuweke wapi. Kahawa ifungulie blogu yake baadaye kama bado una hamu.

---

Sakina_Kwa_Juu (Arusha)

Jamani kabla hajaenda mbali, ile mada ya tatu ina mlango wake wa sheria.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka 2018, mwenye blogu alitakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 2 mwaka wa kwanza, maombi na leseni pamoja. Kanuni ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022, na uzito wa leseni sasa uko kwa wanaochapisha habari na matukio. Ukisema lengo lako ni "habari za mji wetu", umejiweka kwenye kundi hilo, na laki mbili yako imekwisha kabla hujanunua hata jina la tovuti. Anayetaka njia hiyo aanzie TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), ofisi ya kanda ya kaskazini iko hapa Arusha, aulize kundi lake na ada ya sasa. Asitegemee jibu la jukwaani, langu likiwemo.

Mengine mawili yanayofuata lengo:

Ukilenga kupata wateja wa kupanda mlima na ukaanza kupokea malipo yao, hiyo si blogu tena, ni biashara ya utalii na inadai leseni yake, ambayo wengi bado wanaiita TALA. Kuandika na kumwelekeza mtu kwa kampuni yenye leseni ni jambo jingine.

Na picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sura ya mgumu mwenzako, jina lake, namba yake ya simu: omba ruhusa, tena ya maandishi hata kama ni ujumbe wa WhatsApp, uutunze. Ukitaka kueleza mzigo uliozidi kilo, piga picha ya mizani, si ya mtu.

---

Mgumu_wa_Majengo

Aisee, asanteni sana. Habari za mji nimeziweka chini. Nimefanya jaribio la FundiKurasa kwa mgumu mpya, nimepata vichwa 23, vinne vimeteleza kwenda kwa mtalii, nimebaki na 19. Kwa hiyo msomaji yupo.

Swali: wagumu hawana hela ya kununua kitu mtandaoni. Kipato kitatoka wapi? Matangazo ya Google?

---

FundiKurasa

19 ni vizuri sana.

Matangazo tupige hesabu. AdSense, yaani hayo matangazo ya Google, hailipi mpaka ufikishe dola 100. Chukulia, kwa mfano tu, kila mara 1,000 za ukurasa kufunguliwa zinakuletea dola 1. Unahitaji mara 100,000. Ukiwa na makala 20 na kila moja inafunguliwa mara 30 kwa siku, ni 600 kwa siku, 18,000 kwa mwezi. Malipo ya kwanza yanakuja baada ya miezi mitano na nusu hivi, na 30 kwa siku kwa kila makala si jambo dogo kwa blogu changa. Mwaka wa kwanza andika sifuri kwenye kipato cha matangazo. Zikija, karibu.

Tofautisha lengo la msomaji na lengo lako. La msomaji ndilo linaloandikwa juu ya ukurasa, lako linakaa daftarini. Wanaoharibikiwa ni watu waliochanganya hayo mawili, kila makala ikaishia "piga namba hii". Kwako wewe, anayelipa si lazima awe mgumu. Kampuni inayotaka wasaidizi wanaojua kazi ikikuta makala 15 zenye akili kuhusu usalama wa wabeba mizigo, jina lako limeshajieleza kabla hujapeleka barua. Kazi moja ya ziada kwa msimu inazidi matangazo ya mwaka mzima. Watengenezaji na wakodishaji wa vifaa pia wanaweza kulipia nafasi, ila usikubali kusifia buti ambalo hujaona likivaliwa kwenye mvua ya Aprili.

Kwa hela yako: jina la .co.tz unalinunua kwa wakala aliyesajiliwa. Ukichukua hostingi, uliza bei ya mwaka wa pili, maana ya kwanza mara nyingi ni ya kuvutia na ya pili inakuja mara mbili au zaidi. Ukiona inabana, anza na Blogger, ni bure na unaweza kuiunganisha na jina lako. Ukihama baadaye anwani inabaki ileile. Na jina lisikufunge: likiwa na neno "Marangu" ndani yake, makala ya Machame itaonekana mgeni.

---

Kijenge_Juu

Napingana kidogo na wakuu. Sentensi na vichwa 20 ni sawa, lakini yote hayo ni mawazo ya mwandishi. Msomaji mwenyewe hajaulizwa.

Usinunue chochote bado. Andika makala tatu za kwanza kama ujumbe, maneno 300 hadi 400, zitume kwenye magrupu ya wagumu uliyomo. Usihesabu dole gumba. Angalia vitu viwili: wangapi wanauliza swali la pili, na kama ujumbe unarudi kwako kutoka grupu usilolituma. Ukirudi, umegusa shida ya kweli. Usiporudi hata mmoja, badilisha msomaji au shida kabla hujalipia jina.

Kuna faida nyingine. Mgumu hatafuti sana Google, anatumiwa na mwenzake. Hilo linabadilisha umbo zima la blogu: ukurasa mfupi, aya za mistari mitatu, jibu likae juu kabisa, na kila makala iwe na picha moja yenye orodha inayosomeka bila kufungua kiungo, kwa sababu getini bando limekwisha. Picha ya simu ina MB 3 hadi 5. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1,200 na uzito chini ya KB 200, la sivyo ukurasa wa picha sita unamla mtu MB 18 hadi 30 kwa kusoma mara moja. Hatarudi, na hatakwambia kwa nini.

---

Mgumu_wa_Majengo

Hili la magrupu nitalifanya wiki hii. Sentensi yangu ndiyo hii, naomba muikosoe: "Blogu hii inawasaidia wagumu wa Kilimanjaro kufanya kazi vizuri na kwa usalama, na kujua haki zao."

---

Kihamba_Kibosho

Imeanza vizuri, "kufanya kazi vizuri" ikaimwaga. Vizuri kwa nani, kwa mwajiri au kwa mgumu?

---

FundiKurasa

Nami naliona hilo. Tena "wagumu" wote ni wengi mno. Aliyepanda mara 80 hahitaji kuambiwa avae soksi gani. Jaribu hivi: "Kwa mgumu anayepanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza hadi ya tano: abebe nini, akatae mzigo gani, na dalili zipi zikimtokea ateremke." Sasa ishike, kila kichwa ukipime nayo. "Mavazi ya usiku wa Kibo" inaingia. "Kukohoa majimaji na kupumua kwa shida ukiwa umekaa" inaingia, na jibu lake liwe mstari wa kwanza: toa taarifa kwa gaidi, teremka sasa, usisubiri asubuhi. "Historia ya njia ya Marangu" haiingii, hata kama unaipenda.

Kwenye za afya weka mipaka ya lengo kwa maandishi: unaeleza dalili na kuteremka, basi. Kipimo cha vidonge vya ugonjwa wa mwinuko kama Diamox mwachie daktari, kwa sababu msomaji wako atakinakili na kumpa mwenzake. Kila ukurasa uwe na tarehe ya mara ya mwisho kuhakikiwa, na taratibu za getini zihakiki upya kila Juni kabla msimu mkubwa haujakolea.

Sentensi iweke kwenye ukurasa wa "Kuhusu" na juu ya daftari lako la vichwa. Baada ya makala kumi fungua Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, soma maneno ambayo watu waliandika hadi wakakufikia. Yakiwa ya msomaji yuleyule, endelea. Yakiwa ni "ada ya kupanda Kilimanjaro kwa Watanzania", ujue yule msomaji wa Desemba amekuja bila kualikwa. Mwandikie ukurasa mmoja uliokamilika, kisha rudi kwa mgumu wako.

---

Sakina_Kwa_Juu

Na kwenye "akatae mzigo gani" andika utaratibu, usitaje kampuni. Jina la kampuni likiingia bila ushahidi, kesho unajibu barua ya wakili badala ya kuandika makala ya nne.