Naombeni ushauri: nampeleka mama Unguja, tunalala usiku mmoja, kazi ni kula tu

Binti wa Mbagala
Wakuu, habari zenu. Mama yangu amepika maisha yake yote, harusi na misiba ya mtaani kwetu sufuria kubwa ni zake, na hajawahi kuvuka maji. Mwezi ujao nina Jumamosi na Jumapili bila kazi, nataka nimpeleke Unguja tulale Mji Mkongwe. Hatuendi kuogelea wala kutazama kasa. Tunakwenda kula.

Tunavuka na boti ya asubuhi, tunarudi Jumapili alasiri. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo mwendo mrefu na ngazi nyingi hapana. Pilipili anakula kidogo sana. Anachokitamani hasa ni urojo wa kwao wenyewe, maana huu tunaouziwa huku anasema ni maji ya manjano. Kila ninayemuuliza ananijibu "nendeni Forodhani," ile bustani ya kando ya bahari wanakouza vyakula usiku, halafu basi. Forodhani peke yake inatosha? Na tupangeje tusije tukashiba mchana tukakosa ya usiku?

Mwana wa Malindi
Karibuni sana dada. Forodhani peke yake haitoshi, na umeuliza swali la maana kuhusu kupanga. Hapa kwetu kila chakula kina saa yake. Supu na chapati ni asubuhi, biriani na pilau ni mchana, urojo ni alasiri, Forodhani ni baada ya magharibi. Mgeni anayekula sahani nzima ya biriani saa nane mchana, urojo wa saa kumi na moja ataupita tu njiani.

Kwa hiyo agizeni sahani moja, mle wawili. Hakuna atakayewashangaa. Boti inashusha Malindi ya hapa mjini, na mgahawa wa Passing Show uko hapo karibu kwenye barabara ya Malawi, hauna mapambo, lakini watu wa mjini tunakula biriani pale. Au mkishaweka mizigo, nendeni mgahawa wa Lukmaan kule Mkunazini. Vyakula vimepangwa mbele yako, unanyoosha kidole: samaki wa nazi, mchuzi wa pweza, wali, mboga. Kwa mama anayejua kupika pale ni pazuri zaidi, kwa sababu ataona kabla ya kuchagua, na atauliza maswali yake.

Mama Karafuu
Mwanangu, mfikishie mama salamu zangu. Nimefurahi kuona mtoto anamtoa mama yake kwa ajili ya chakula, maana sisi tunaopika ni nadra kupikiwa.

Sasa urojo. Rojo lenyewe ni unga wa ngano na manjano, ukali wake unatoka kwenye embe bichi au ndimu. Likipikwa vizuri linakuwa jepesi lakini linashika kijiko, na harufu ya unga mbichi haisikiki hata kidogo. Ndani mnatiwa viazi, bajia za dengu, kachori, vipande vya mishkaki, yai kwa anayetaka. Juu inapakwa chatini ya nazi, halafu zile chipsi nyembamba za muhogo. Mla urojo hodari hazikorogi chipsi zikazama, anaziwahi zingali kavu.

Mwambie muuzaji pilipili aitie pembeni, kabla hajaanza kupakua. Akishazoea mkono unakwenda wenyewe. Na usichague kibanda kwa kibao. Tazama wapi wanafunzi na wanawake wenye vikapu wamesimama kungoja, hapo bajia zinakaangwa na kwisha, hazilali.

Mvuvi Mstaafu
Mimi sikubaliani na habari ya Forodhani. Bei ni za watalii, wapiga debe wanakuvuta mkono, na ile mishikaki ya kamba na ngisi mara nyingine imeshachomwa tangu jioni, inarudishwa tu motoni ipate joto. Mama mtu mzima hana haja ya adha hiyo. Mpeleke akale pweza kwa wachuuzi wa mtaani, anakatiwa vipande papo hapo na kikombe cha supu yake ya moto, amemaliza.

Mwana wa Malindi
Mzee wangu, ya bei na samaki wa kurudiwa ni kweli, sibishi. Lakini kumleta mtu mara ya kwanza Unguja halafu usimkalishe Forodhani jioni, mimi siwezi kumshauri hivyo. Bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, kuna viti, kuna upepo wa bahari, na wenyeji nao wanaleta watoto. Kwa magoti ya mama ndipo pazuri kuliko pote, anakaa na chakula kinamfuata.

Dada, fanya hivi. Zungukeni mara moja bila kununua. Bei iulizwe kabla ya mshikaki kuwekwa kwenye sahani, tena kwa kila kimoja. Chakula cha baharini chagua kibichi, mwambie akichome ukiwa umesimama hapo. Ukiambiwa "kimeiva tayari," songa mbele. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi isikose. Na Zanzibar pizza mchukue moja ya nyama: unga unasukumwa mwembamba kama chapati, nyama ya kusaga, kitunguu na yai vinakunjiwa ndani, vinakaangwa kwenye chuma. Mama atapenda kuona ule mkono unavyokunja kuliko hata kula.

Nahodha wa Nchi Kavu
Mengine ya safari kwa haraka. Vitambulisho vyenu vyote viwili, tiketi hukati bila hivyo. Boti iendayo kasi inachukua muda wa karibu saa mbili. Kama ni majira ya kusi, ule upepo wa kusini, bahari inachafuka, kaeni ghorofa ya chini sehemu ya nyuma, na asubuhi hiyo mama ale kitu kikavu tu. Jumapili vilevile, msile mlo mzito muda mfupi kabla ya kupanda.

Pia angalia kalenda. Mkiangukia Ramadhani mchana ni vigumu kupata pa kula, na si vizuri kula hadharani. Ila usiku wake mji unapendeza mno.

Binti wa Mbagala
Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Mama nimemsomea yote, jibu la Mama Karafuu kanirudisha nilisome tena. Idi imeshapita, kwa hiyo Ramadhani haitugusi. Mpango: Lukmaan mchana sahani moja, apumzike, urojo saa kumi na moja, Forodhani usiku. Jumapili asubuhi je? Na anataka kununua viungo na halua ya kugawia majirani.

Mama Karafuu
Jumapili amkeni mapema mle supu na chapati, au mtafute mkate wa mofa ungali wa moto. Kisha Darajani kabla jua halijawa kali. Soko lile lipo tangu 1904, na mpishi hatataka kutoka. Viungo anunue vizima, iliki na mdalasini na pilipili manga, ampasulie muuzaji iliki moja mbele yake: punje ziwe nyeusi na zinanata kidogo. Zikiwa kavu za kijivu, aziache. Vya kusaga asichukue, atasaga nyumbani.

Halua aonje kabla. Nzuri inavutika, inang'aa kwa samli, na zafarani na iliki zinasikika kabla ya sukari. Haihitaji friji, huko inakakamaa tu. Mwambie afunike vizuri isiguswe na maji, na kisu cha kukatia kiwe kikavu.