Mkongo ukikatika baharini, kwa nini Kigoma tunakwama ilhali menyu ya pesa inafanya kazi?

SteshenariMwanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma, ambako kazi yangu kubwa ni kuchapa, kutoa nakala na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Swali langu linatokana na jambo lililonikuta Mei 2024, na wateja hunikumbusha kila mtandao unaposuasua. Jumapili ya tarehe 12 mwezi ule mikongo ya baharini, yaani nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, ilikatika, na kesho yake asubuhi nilikuwa na watu sita wamepanga foleni mbele ya kompyuta iliyokuwa ikizungusha kiduara tu. Mzee mmoja wa Kibirizi, mfanyabiashara wa dagaa, alikuwa amekuja kufungua kiambatisho alichotumiwa na mnunuzi wake kwa barua pepe. Nilipomweleza habari ya mkongo alinitazama juu ya miwani akasema, "Mwanangu, bahari iko Dar es Salaam. Sisi hapa tuna ziwa." Sikuwa na jibu.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mtandao haukufa wote. Kiambatisho kile kilichukua karibu dakika ishirini kufunguka, lakini mzee huyo huyo alinilipa kwa simu kupitia menyu ya nyota na reli, na ujumbe wa kuthibitisha malipo ukaingia kabla hajairudisha simu mfukoni. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa pembeni anatazama video iliyokuwa ikivuma wiki ile, nayo ilikatakata kidogo tu. Kama njia ni moja na imekatika, hayo mengine yalipita wapi?

FundiGungu

Ndugu Steshenari, mzee wa dagaa ana haki ya kushangaa, lakini ziwa halihusiki hapa. Kompyuta yako ikitoka hewani kwenda kwenye mnara, au ikipita kwenye waya wa mtoa huduma wako, safari inaingia kwenye Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na TTCL, shirika la simu la taifa, na kuelekea Dar es Salaam. Huko ndiko mikongo ya baharini inakotia nanga: Seacom ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kinachosafiri humo ni mwanga unaowaka na kuzimika mabilioni ya mara kwa sekunde. Mwanga huo hufifia njiani, kwa hiyo kila baada ya kilomita kadhaa ambazo hazizidi mia moja au kupita kidogo huwekwa kifaa cha kuutia nguvu upya, nacho hupata umeme kutoka nchi kavu kupitia mkongo huohuo. Intaneti yote iko nje ya nchi. Njia ya kwenda nje ikikatika, mtu wa Kigoma na mtu wa Kariakoo wako katika hali moja.

MtuWaStesheniTabora

Namshukuru Fundi, ila hapo kwenye "intaneti yote iko nje" naomba nimpinge, kwa sababu jibu la swali lililoulizwa limejificha hapohapo.

Nitatumia mfano wa reli, kwa kuwa sisi wa Tabora tunaishi kwenye makutano yake. Mvua ikisomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe, abiria wa Kigoma anakwama hata kama reli ya Uvinza ni nzima kabisa. Huyo ndiye mzee wako wa dagaa. Hata hivyo, siku hiyohiyo chumvi ya Uvinza itafika sokoni Kigoma bila wasiwasi wowote, kwa kuwa haikuhitaji kupita Kilosa. Ukitaka kujua kama utakwama, uliza kwanza unachokitaka kimehifadhiwa wapi. Umbali wako kutoka baharini hausemi lolote.

Video aliyokuwa akitazama kijana wako ni chumvi ya Uvinza. Kampuni kubwa kama Google na Meta huweka seva, yaani kompyuta za kuhifadhi na kugawa data, zenye nakala za vitu vinavyotazamwa sana ndani ya mitandao ya kampuni za simu au karibu nayo, ili video moja isivushwe baharini mara elfu kumi kwa watazamaji elfu kumi. Ikishavuka mara moja, wengine wote wanachota nakala ya karibu. Kiambatisho cha mzee hakikuwa na nakala yoyote, kwa sababu aliyekihitaji duniani alikuwa ni yeye peke yake, na inaelekea kilikuwa kimelala kwenye seva ya ng'ambo. Vilevile Dar es Salaam kuna kituo ambako watoa huduma wa ndani hubadilishana mawasiliano yao moja kwa moja, yaani TIX, na kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi data pale Kijitonyama. Mfumo uliowekwa humo hauna haja ya kuvuka maji.

Kwa nini basi dakika ishirini, badala ya kukataa kabisa? Kwa sababu mikongo haikuwa imekwisha yote. Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mambo yakawa mabaya zaidi kwa kuwa tangu Februari mwaka ule Seacom ilikuwa tayari imekatika kule Bahari ya Shamu, pamoja na mikongo mingine miwili, AAE-1 na EIG, na inaaminika kwamba nanga ya meli Rubymar iliyokuwa imeshambuliwa ndiyo iliyoiburura. Kwa hiyo kusini pamekatika, na kaskazini palikuwa pamebanwa tangu awali. Ruta, yaani vifaa vinavyoielekeza data njia ya kupita, zinapoona njia imekufa hutangaziana zenyewe njia zilizobaki, bila mtu kubonyeza kitu, na mzigo wote hujaa kwenye vichochoro vichache. Data husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo viitwavyo vifurushi (si vile vya bando), na ruta ikijaa huvitupa baadhi. Kompyuta inayotuma, isipopata jibu kwamba kifurushi kimefika, hukituma tena na kupunguza mwendo kwa makusudi ili isizidishe msongamano. Hapo ndipo dakika zako ishirini zilipokwenda.

Na jambo moja la kukusaidia kazini: fomu inaweza kuwa imehifadhiwa Dar es Salaam lakini ukurasa wake ukagoma kwa sababu mtengenezaji ameagiza maumbo ya herufi au kipande cha programu kutoka seva ya Ulaya au Marekani. Ukurasa unakaa mweupe ukisubiri herufi! Mimi hili linaniudhi kuliko kukatika kwa mkongo, maana mkongo hukatwa na nanga, lakini hili ni uzembe wa mtu aliyekaa kwenye kiti.

LainiYaZamani

Niliwahi kufanya kazi ya minara, kwa hiyo nijibu la menyu ya pesa. Menyu ya nyota na reli haitumii intaneti kabisa. Inapita kwenye njia za ishara, zilezile ambazo simu hutumia kuujulisha mnara kwamba ipo na kwamba inataka kupiga. Ujumbe wake mmoja hauzidi herufi 182, mzigo mwepesi mno, na unaishia kwenye mitambo ya kampuni yako ya simu hapa nchini. Ndiyo maana hata simu ya kitochi isiyo na bando inatuma pesa.

Hapo unapata kipimo cha bure. Mtandao ukisuasua na menyu nayo ikagoma, shaka kwanza matatizo ya nchi kavu: mnara umekosa umeme, au mkongo wa ardhini umekatwa na greda linalochimba barabara. Menyu ikiitika na vitu vya nje peke yake vikizama, shaka bahari. Si kipimo kisichokosea, lakini kimeniokoa safari nyingi za bure.

SteshenariMwanga

Nimeelewa, na ninawashukuru wote. Je, nikifunga dishi la satelaiti nitaepukana na haya?

LainiYaZamani

Utaepukana na nanga za meli na kupata mambo mengine. Satelaiti za zamani zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na swali lako kwenda na jibu kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Ofisi moja niliyoihudumia Kasulu walikuwa nalo. Barua pepe zilikwenda vizuri, lakini kwenye maongezi kila mtu alikuwa akimkata mwenzake kauli. Zile za kizazi kipya zinazopita chini, kwenye kilomita mia chache, hazina ucheleweshaji huo. Kwa steshenari, laini za mitandao miwili tofauti zingekutosha, ilmradi uulize kwanza kama watoa huduma hao hawapiti kwenye mkongo uleule.

SteshenariMwanga

Narudi na matokeo ya jaribio nililofanya mwenyewe. Nimefungua dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta nikaandika tracert, amri inayoonyesha kila ruta njiani na muda wa kwenda na kurudi hadi hapo, pamoja na anwani ya seva ya barua pepe ile. Hatua ya tano ilionyesha milisekunde 27, ya sita 31, na ya saba ikaruka hadi 168. Nimerudia mara nne na namba ni zilezile kwa kukaribia. Mzee wa dagaa alikuwepo, nikamwonyesha kwa kidole pale inaporuka. Akauliza, "Kwa hiyo bahari inaanzia hapo?"

MtuWaStesheniTabora

Mwambie amekaribia sana. Mwanga ndani ya kioo huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni kama kilomita 1,250, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 12 na nusu, na hizo 31 zako zinakubaliana na safari ya ndani ya nchi yenye vituo vya kutosha. Mruko wa milisekunde 137 ni wa kwenda na kurudi. Ugawe kwa mbili, uzidishe kwa 200, unapata kilomita 13,700 hivi. Sehemu ya muda huo huenda imeliwa na foleni za ruta, na jibu linaweza kurudi kwa njia nyingine kabisa, hivyo usimchoree mzee ramani kwa namba hiyo.

SteshenariMwanga

Nimechelewa. Ameshaniomba nimchapie, analipeleka karatasi Kibirizi.