Naomba ushauri: kadi ya grafiki kwa HP EliteDesk 800 G1

fundi_picha
Wakuu, habari zenu. Nina HP EliteDesk 800 G1, ile ya kasha jembamba, i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 16. Naedit video za harusi kwenye Premiere, usiku gemu kidogo. Bajeti 350,000. Kuna jamaa Kariakoo ana RX 580 ya GB 8, bei imekaa vizuri. Nichukue? Nataka kitu cha kudumu.

bolti_nati
Usichukue mkuu. Umelifungua hilo kasha? Pawa saplai yake ni ya wati 240 na haina waya wa ziada wa kadi. RX 580 peke yake inakula hadi wati 185. Na kuingia haiingii, hapo panataka kadi ya kimo kifupi. Tafuta inayotumia umeme wa sloti tu (pale kadi inapochomekwa kwenye bodi), isiyozidi wati 75: GTX 1650 au 1050 Ti, na uulize kabisa kama inakuja na kibati kifupi cha nyuma, cha kuifungia kwenye kasha. Wengi hukisahau hicho.

mzee_feni
+1. Halafu RX 580 nyingi za mtumba zilichimba Ethereum (sarafu ya mtandaoni) usiku na mchana mpaka Septemba 2022. Si zote mbovu, ila kagua feni.

dada_k
Vipi RX 6400? Wati 53 tu, na kimo kifupi zipo.

bolti_nati
Kwa gemu sawa dada, ila mwenzetu anaedit. 6400 haina enkoda ya video (sehemu ya kubana video), kazi yote ya kutoa faili itabaki kwa hiyo i5 iliyochoka. Pia inatumia njia 4 tu za PCIe (zinazopitisha data kati ya kadi na bodi), kwenye bodi ya zamani kama hii inapoteza kasi.

mtaa_wa_pili
Angalia feki za 1050 Ti! Ni chipu za kale zilizobadilishwa jina kwenye BIOS (programu ya ndani ya kadi). Ukiona tundu la VGA (lile la skrini za zamani), shtuka: chipu halisi ya 1050 Ti haitoi VGA. Programu ya kukagua kadi, GPU-Z, ikikuandikia FAKE (feki), mrudishie mwenyewe.

fundi_picha
Asanteni sana. Jamaa anasema 1650 fupi anayo, ila kujaribu dukani hataki, eti hana mashine ya kuifunga.

bolti_nati
Beba mashine yako. Ifungeni palepale, endesha FurMark (programu ya kuipa kadi kazi nzito) robo saa ukiangalia joto. Akigoma, nenda duka la pili.