Teke la .243: kujaza risasi laini mwenyewe, kununua za kiwandani, au kubadilisha bunduki?

MkulimaWaNjoro
Wadau, hamjambo. Nina bunduki ya bolti ya .243 Winchester, pamoja na darubini yake ina uzani wa kilo 3.4. Mke wangu amepata cheti chake cha silaha mwaka huu na anapenda shabaha kwa dhati. Hapa Kenya uwindaji ulifungwa 1977, kwa hiyo kazi yetu ni karatasi na mabamba ya chuma tu, lakini tuna shemeji Arusha anayewinda kwa leseni na ametualika tukipata vibali vyote vya pande mbili. Mke wangu ni mfupi na mwembamba. Risasi za kwanza hupiga vizuri, halafu bega linaanza kuuma na naona kabisa anafumba macho kabla ya kufyatua.

Nimesikia njia tatu. Kujaza maganda upya kwa baruti pungufu, kama wanavyofanya Marekani na Afrika Kusini. Kununua risasi za kiwandani zilizotengenezwa ziwe laini. Au kuiacha .243 na kutafuta .223. Sitaki kumkatisha tamaa, na sitaki afundishwe na maumivu. Nishaurini.

Mstaafu_Gilgil
Tuanze na hesabu, maana watu wengi huzungumzia teke kwa hisia tu. Bunduki hurudi nyuma kwa sababu risasi na gesi ya baruti vinasukumwa mbele. Gesi ina mchango mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa inatoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Ndiyo maana ukipunguza baruti unapata nafuu mara mbili: risasi inakwenda polepole, na gesi inakuwa chache.

Kwa bunduki ya kilo 3.4 kama yako, .243 yenye risasi ya greni 100 (uzito wa kama gramu sita na nusu) hutoa teke la jouli 13 au 14 hivi. .223 ni kama jouli 5. .308 inakaribia 23, na .30-06 yenye risasi ya greni 180 inafika 30. .22 ya kawaida, ile ndogo ya tangu 1887, haifiki hata nusu jouli. Kwa hiyo .243 si bunduki kali. Ilitolewa 1955 na sifa yake tangu mwanzo imekuwa upole begani. Kama inamwumiza mama, mimi ningeshuku kwanza jinsi inavyomkaa kabla sijaishuku risasi.

Na kuna uzito. Ukiongeza nusu kilo kwenye bunduki hiyo, nguvu ya teke inapungua kama sehemu moja ya nane. Si nyingi, lakini kwenye uwanja wa shabaha hakuna anayetembea nayo siku nzima, kwa hiyo ni nafuu isiyo na gharama.

FundiKitako_Kisumu
Mzee wa Gilgil amenigusa penyewe. Kazi yangu ni mbao na vitako, na ninaona kosa hili kila mara: bunduki imenunuliwa kwa mwanamume wa futi sita, halafu inapewa mtu mdogo. Vitako vingi vya kiwandani vina urefu wa kama sentimita 34 kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Mtu mdogo anahitaji 32 au 33. Kitako kikimzidi, atakishika kwenye mkono badala ya mfuko wa bega, atanyoosha shingo kutafuta darubini, na atasimama ameegemea nyuma. Hapo hata jouli 10 zinauma kuliko 20 zinazopokewa vizuri.

Ndugu wa Njoro, mwambie afumbe macho, ainue bunduki isiyo na risasi hadi begani, halafu afumbue. Kama jicho halioni duara kamili la darubini bila kusogeza kichwa, bunduki hiyo haijamkaa. Pia pima umbali kati ya jicho na kioo cha darubini. Darubini nyingi za bunduki zinataka sentimita 8 hadi 10. Akisogea karibu kwa sababu kitako ni kirefu, siku moja ukingo wa darubini utampasua nyusi, na baada ya hapo kumrudisha uwanjani ni shida.

Raba nzuri ya kitako, ya kisasa na laini, weka. Haipunguzi nguvu yenyewe, ila inairefusha muda na kuitandaza begani. Ni fedha kidogo ukilinganisha na bunduki mpya.

Bloem_hadi_Bungoma
Nilifanya kazi Bloemfontein miaka kadhaa na nikajifunza kujaza risasi huko, kwa leseni ya huko. Niseme wazi: kujaza risasi laini ni kazi halali ya kitaalamu na inafanya kazi. Nimeona vijana wadogo wakipiga .243 siku nzima bila kulalamika.

Njia inayoaminika zaidi ni ya kampuni ya Hodgdon ya Marekani. Wanasema ukichukua kipimo cha juu kabisa cha baruti yao ya H4895 kilichochapishwa kwenye kitabu cha ujazaji kwa kaliba (ukubwa wa mtutu na ganda) na risasi yako, unaweza kushuka hadi asilimia 60 ya kipimo hicho. Teke hushuka nusu au zaidi. Baruti hiyo huwaka sawasawa hata ikiwa chache ndani ya ganda, na hiyo ndiyo siri yake. Tafadhalini mnisome vizuri hapa: kanuni hiyo ni ya H4895, si ya baruti nyingine yoyote. Mtu akichukua baruti ya polepole, ile ya magnamu (maganda makubwa yenye nguvu nyingi), akaipunguza vivyo hivyo, anaweza kupata shinikizo linalopanda ghafla na kuivunja bunduki. Visa vya aina hiyo vimeandikwa kwa miaka mingi, na .243 ni mojawapo ya kaliba zinazotajwa. Wataalamu wanaeleza chanzo kwa njia tofauti, lakini onyo lao ni moja.

Kosa la upande wa pili ni baruti kuwa chache kupita kiasi. Risasi inakwama katikati ya mtutu. Mpigaji anasikia mlio dhaifu, anavuta bolti, anaingiza nyingine, anafyatua. Mtutu unapasuka. Na kwa baruti za haraka zinazochukua nafasi ndogo ndani ya ganda, mtu akikatizwa na simu anaweza kujaza mara mbili bila ganda kumwagika. Kule nilikofundishwa, kila ganda lilimulikwa kwa tochi kabla risasi haijakalishwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuongea nawe mezani.

Wakili_Kakamega
Samahani kuingilia, ila hili lazima lisemwe kabla mtu hajaagiza vifaa. Kenya tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Cheti chako kinataja silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Baruti nayo ni kilipuzi, na vilipuzi vina sheria yao, Sura ya 115. Ukikutwa na kopo la baruti, kisanduku cha fataki za kuwashia baruti na mashine ya kukalisha risasi nyumbani Njoro, hutaeleza kwa kusema ulisoma mahali kwamba kule Bloemfontein inaruhusiwa. Kama unalitaka kweli, andika barua kwa Bodi ya Leseni za Silaha, upate jibu la maandishi, kabla hujagusa chochote. Neno la mtu wa dukani halikulindi mahakamani.

Na mwingine asije akadhani risasi laini ni za kufukuzia nyani au nguruwe mwitu shambani. Wanyamapori wa Kenya wako chini ya sheria ya 2013, na mnyama akikuharibia mahindi wanaitwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Bloem_hadi_Bungoma
Wakili yuko sahihi, na sikusema mtu aanze kesho. Nimeeleza ili ndugu ajue anacholinganisha.

MkulimaWaNjoro
Asante, wakili. Hilo la barua sikulijua. Basi niulize za kiwandani: zinapunguza kiasi gani, na zinafaa kwa swala kule kwa shemeji?

Mstaafu_Gilgil
Hornady, kampuni ya Marekani, wana aina yao ya risasi za teke dogo inayoitwa Custom Lite. Ya .243 ina risasi ya greni 87 inayotoka kwa futi 2,800 kwa sekunde, yaani kama mita 853. Kwa bunduki yako teke linashuka hadi jouli 9 hivi, karibu theluthi moja chini ya risasi kamili ya greni 100. Faida yake kubwa ni kwamba kiwanda kimepima shinikizo, na kasi bado ni nzuri. Upatikanaji ndio tatizo hapa kwetu. Mwenye duka mwenye leseni atakuagizia, au atakwambia subiri.

Upande wa swala, angalia kasi pale inapogonga. Risasi nyingi za kuwindia zinahitaji karibu mita 550 kwa sekunde ili zifunguke ndani ya mnyama. Ya Custom Lite inabaki juu ya hapo hata mita 200. Lakini ile ya kujaza kwa asilimia 60, tuseme greni 100 kwa mita 640 mdomoni, inafika kikomo hicho mita mia na kidogo tu. Zaidi ya hapo inapita kama msumari, na mnyama anakimbia na jeraha. Mimi sikubali kumpa mwanafunzi risasi ya namna hiyo kwa swala pala, hata bega lake lifurahi vipi. Kwa karatasi, sawa.

Tena inaanguka zaidi. Ukiweka shabaha mita 100, kwa mita 200 risasi kamili inashuka sentimita saba au nane; ile ya asilimia 60 mara mbili na zaidi. Lazima darubini irekebishwe upya kila unapobadilisha.

DadaWaMilimani
Mnazungumza kuhusu bega, na hamjauliza masikio. Mimi ni mwanamke, nina kilo hamsini na kitu, napiga shabaha Nakuru na Kiambu, na nawaambia kilichokuwa kinanifumba macho ni mlio. Bunduki ya aina hii inatoa kama desibeli 160. Sikio linaanza kuumizwa na mlio mmoja tu kuanzia 140. Mwili unajua, hata kama akili imekubali. Nilipoanza kuvaa vizibo vya ndani na vya juu kwa pamoja, teke lile lile likawa dogo.

Ndiyo maana nashangaa hakuna aliyetaja breki ya mtutu, na ninaomba asiyetaja aendelee kunyamaza. Ni kweli ile chuma ya matundu inayofungwa mdomoni mwa mtutu inakata theluthi hadi nusu ya teke. Lakini inageuza gesi pembeni na nyuma, na mlio unamrudia mpigaji na jirani yake. Kwa anayeanza, unamwondolea maumivu ya bega na kumpa hofu ya masikio.

Ndugu, mkopeshe .22. Acha apige risasi nyingi, kwa bei ndogo, bila teke, mpaka kidole chake kibonyeze kifyatulio bila yeye kujua ni lini kitaachia. Kisha apige .243 chache, tano au chini ya hapo, arudi kwenye .22 amalizie siku akiwa na furaha. Mchanganye: siku nyingine muwekee ganda tupu la mazoezi kwenye .243 bila kumwambia. Akijikunyata bunduki isipolia, ataona mwenyewe kinachotokea, na hakuna maneno ya mume yatakayomfundisha vizuri kuliko hapo.

FundiKitako_Kisumu
Dada, hilo la ganda tupu ni dawa. Naliunga mkono.

Bloem_hadi_Bungoma
Na .223? Kwa shabaha ni tamu, teke ni chini ya nusu ya .243. Ila kwa swala pala ningekaa na .243. Na kwa nyati wala usiulize, Tanzania wanataka .375 kwenda juu. Kuomba kuongezewa bunduki kwenye cheti kwa sababu ya bega, wakati kitako hakijapimwa, naona ni kuruka hatua.

MkulimaWaNjoro
Nimeelewa. Tumezungumza na mke wangu jioni hii na amesoma majibu yote, na amekubaliana zaidi na Dada wa Milimani kuhusu mlio. Kujaza mwenyewe nimeachana nako. Nitaomba kupata muda wa .22 uwanjani, nitaagiza kisanduku kimoja cha zile laini za kiwandani kupitia duka langu, na Jumamosi nitaleta bunduki Kisumu kwa fundi, na vyeti vyote viwili. Fundi, unahitaji nini zaidi ya bunduki na mwenyewe?

FundiKitako_Kisumu
Njoo naye, usije na vipimo kwenye karatasi. Na aje na koti analovaa asubuhi Njoro kukiwa na baridi, lile zito. Kisumu kuna joto, atataka kulivua, lakini nitampima akiwa amelivaa, kwa sababu koti lenyewe ni karibu sentimita nzima ya kitako. Sitakata mbao siku ya kwanza. Nitafunga raba nyembamba kwanza, aende nayo uwanjani, na tukiona bado ni ndefu ndipo nishike msumeno.